Jibu Walilotukatia

Kolwezi, Alhamisi, mwezi wa kwanza, 1974

Mvua tangu asubuhi. Kanzu za bamupe, mapadri wa misheni, zinaning'inia ndani ya nyumba yangu, mbichi kabisa, na makaa ya pasi yamezimika bila mi kuyagusa. Leo sipigi pasi nguo ya mtu.

Nina hasira. Niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza kulipamba kwa maneno ya kanisani.

Nimedanganywa.

Hapana, ngoja. Mupe Karel, padri wetu, anasema sikudanganywa, niliambiwa nusu. Amenijibu hivyo leo asubuhi, uso mwekundu, huku akichezea ufunguo wa sakristia, chumba cha nguo za Misa. Nusu! Mtu akikujengea nusu ya daraja na kukuambia pita, utaangukia wapi?

Nianze panapoanzia. Mimi ndiye ninayefua na kupiga pasi nguo za Misa hapa misheni, na kila Jumamosi nawafundisha bamama katekisimu. Kufundisha kwetu ni kwa sauti. Mi nauliza, wao wanajibu pamoja, na makofi juu yake. Mmoja akisitasita tunarudia wote mpaka aingie katika mwendo. Asiyejua majibu habatizwi, kwa hiyo bamama wanayakariri wakitwanga, wakifua, wakipanga foleni ya maji. Jibu wanalolipenda kupita yote ni lile la Papa. Papa wa Roma anaweza kukosea? Hapana, hawezi! Halafu makofi matatu. Makofi hayo niliyatia mi mwenyewe, nilipoona yanawasaidia. Siku hizi ukipita mtaa wa Musonoi utawakuta batoto wanaruka kamba kwa jibu hilo.

Nilipomzaa Ilunga, kitindamimba wangu, nilitoka damu mpaka kaka yangu akaitwa kutoa yake. Daktari wa hospitali ya kampuni ya mgodi hakuzungukazunguka. Alisema tumbo hili limechoka, mimba nyingine itaniua. Akanieleza habari ya vidonge vya kuzuia mimba. Mi nikamwambia nitauliza kwanza.

Nikamwuliza nani? Mupe Karel, bila shaka. Alinisikiliza vizuri, akanionea huruma kweli, kisha akatikisa kichwa. Papa ameandika barua kwa Kanisa lote, vidonge ni dhambi. Nikamwuliza kama hakuna namna hata kidogo. Hapo akanigeuzia swali langu mwenyewe, taratibu, kama anayemwuliza mtoto wa komunyo ya kwanza. Papa anaweza kukosea?

Nikajibu kama ninavyowafundisha wenzangu. Makofi tu ndiyo sikupiga.

Basi njia iliyobaki ilikuwa moja. Nikahamia chumba cha batoto. Mume wangu, Tata Kabamba, ni fundi wa mashine kubwa kule mgodini, mtu wa maneno machache. Nilimweleza, akaitika kwa kichwa, akaenda kulala. Sitamsingizia, alingoja muda mrefu. Baadaye akaanza kuchelewa. Baadaye akaanza kurudi ananukia sabuni ya nyumba nyingine. Kambi nzima ya wafanyakazi inajua kwamba ana deuxième bureau huko Musonoi. Ndivyo wanavyowaita wanawake wa pembeni mjini humu, ofisi ya pili, utadhani mtu anakwenda huko kupiga mihuri.

Nikanyamaza. Nilijiambia huu ndio msalaba wangu, wengine wana mzito zaidi. Na nilikuwa upande wa misheni mzima mzima. Rais alipokataza majina ya watakatifu, kila mtu akarudi kwenye jina la mababu, ofisini nikawa citoyenne, yaani raia, Kyungu. Sina neno na Kyungu, ni jina la bibi yangu. Lakini ndani ya ua wa misheni niliendelea kuitwa Véronique, na nilikuwa najivuna. Wenzangu walikuwa wanaangalia nyuma kabla ya kuniita. Mi sikuangalia nyuma.

Sasa habari ya jana.

Dada yake Mupe Karel amekuja kutoka Ubelgiji kumtembelea. Anaitwa Madame Greta, mwanamke mnene, mcheshi, hana makuu. Alichoka kukaa barazani na bamupe, akaja chumba changu cha kupigia pasi, akavuta kiti, akaanza kunisaidia kukunja vitambaa vya altare. Alikuwa anavikunja vibaya, nami nilikuwa navikunja upya akigeuka. Tukazungumza Kifaransa, chake cha kwao na changu cha kwa masera, masista walionisomesha. Akaniuliza nina batoto wangapi. Nikasema wanane. Akashika mdomo. Yeye ana watatu.

Nikamtania, nikamwuliza kama Mungu alipotea njia ya nyumbani kwake. Akacheka mpaka kiti kikalia. Akasema hapana, yeye na mumewe waliamua hivyo, wakasaidiwa na daktari, na Jumapili wanakwenda Misa, wanakomunika kama kawaida.

Nilidhani ni Mkristo wa jina tu. Hata nilianza kumwombea moyoni, ona ujinga wangu.

Nikamkumbusha barua ya Papa. Akasema aa, barua ile, kwao ilizua maneno mengi sana. Akasema maaskofu wa Ubelgiji waliwaambia watu waziwazi waipokee kwa heshima, waitafakari kweli, lakini wajue si lile neno ambalo Papa hawezi kukosea ndani yake. Mtu aliyepima vizuri mbele ya Mungu, akaona dhamiri yake inamwelekeza kwingine, aifuate dhamiri yake. Alisema hivyo huku anakunja, kama anayetoa habari za mvua. Kisha akaniangalia, akaniuliza kama Karel hakutuambia.

Stola ya kijani, ile ya shingoni mwa padri niliyokuwa ninaipiga pasi, ina alama ya moto, kubwa. Sikusikia hata harufu.

Leo asubuhi baada ya Misa nikamfuata Mupe sakristia. Sikumsalimia kwa magoti. Nikamwuliza, "Mupe, bile Madame alisema, ni bya kweli?"

Alijua ni vitu gani. Akafunga mlango, akakaa juu ya sanduku la mishumaa, akaanza kunieleza. Na mambo aliyonieleza, mama yangu!

Kumbe Papa si kwamba hakosei kila anapofungua mdomo. Ni pale tu anaposema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, anapokata neno la imani au la mwenendo, na kutangaza kwamba Kanisa lote linapaswa kulishika. Ni mara chache mno. Barua ya vidonge hakuiandika kwa namna hiyo. Kumbe hata fundisho lenyewe la kutokosea lilikatwa juzijuzi tu, kama miaka mia hivi, katika mtaguso, ule mkutano wa maaskofu kule Roma, wakati mababu zetu hawajamwona mupe hata mmoja. Na maaskofu walibishana humo. Wengine waliliona gumu, wakafunga mizigo wakarudi kwao kabla ya kura, kwa sababu hawakutaka kusema hapana mbele ya Papa mwenyewe. Baada ya hapo Wakristo wengine wa Ulaya wakajitenga mpaka leo. Kumbe katika zile karne za zamani kuna Papa aliyeandika kitu juu ya imani, na alipokwisha kufa mtaguso ukamhukumu, na wasomi bado wanavutana kama alikosea au alizembea tu.

Yote hayo Mupe aliyasoma seminari. Alikuwa nayo tumboni miaka yote.

Nitasema ukweli, nilipendezwa. Nilikaa pale na hasira zangu, na bado nilipendezwa. Kanisa la watu wanaobishana, wanaofunga mizigo, wanaorudi! Ningelipenda zaidi hilo kuliko hili la makofi, kama mtu angenionyesha.

Nikamwuliza mbona sisi hatukufundishwa hivyo. Akajibu kwa sauti ya chini.

"Jibu lilikuwa refu mno, Mama Véro. Nililikata ili bamama balishike."

Refu! Bamama hawa hawa wanaokutajia ukoo wao, majina na sifa zake, tangu machweo mpaka bukari, ugali wetu, iive na kuliwa. Bamama wanaojua kwa kichwa litania nzima ya watakatifu. Hao ndio wasingeweza kushika sentensi moja zaidi.

Nikamwuliza na maaskofu wa kwao je, barua yao mbona haikufika huku. Akasema maaskofu wale waliandika kwa ajili ya watu wa kwao.

"Na siye," nikamwambia, "tuko batu ba nani?"

Alisema aliogopa. Alisema watu wangechanganyikiwa, kila mtu angejifanyia Papa wake, na wakati huu serikali inatubana kila upande. Labda aliogopa kweli. Ninamjua. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la mama yangu begani katika tope kama la leo, wanaume wa ukoo wangu wakiwa wamejikinga mvua kwenye veranda. Huyu ndiye aliyekaa na Ilunga hospitalini akimwimbia nyimbo za kwao, mi nikiwa sijijui. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana nikaenda zangu.

Hilo ndilo linaloniuma. Alinipenda, na bado aliona mi ni mtu wa kupewa nusu.

Tena sijasema Papa amekosea. Labda ni kweli vidonge ni dhambi, sijui, mi ni mfua nguo. Ila ningepewa kupima. Dada yake alipewa kupima, akakaa kitini na mumewe, wakapima. Mi nilipewa makofi matatu. Nikapoteza mume kwa neno ambalo aliyeniambia alijua halikuwa la mwisho.

Nikatoka bila kufunga mlango.

Nyumbani nikamkuta Mama Mujinga ananingoja chini ya paa, mtoto mgongoni, miguu imejaa tope. Ni jirani yangu, msichana tu, mume wake ni karani. Jumapili alinivuta pembeni kanisani. Daktari amemwambia maneno yale yale aliyoniambia mi, basi nikamwahidi nitamwulizia Mupe, aje leo. Kwa mambo ya jana na ya leo nilikuwa nimemsahau kabisa. Hata Mupe sikumtajia jina lake.

Nikampa kiti na taulo. Hakukaa. Alikuwa na haraka ya kumaliza, kama mtoto aliyekuja kusomewa adhabu. Akaanza yeye mwenyewe.

"Papa hawezi kukosea, ao, Mama?"

Na mikono yake ilikuwa imeshainuka kupiga makofi. Ee Mungu wangu. Mikono yenyewe ilikuwa inajua.

Nikaishika kabla haijagongana. Nikamkalisha, nikamwambia jibu lote, refu, kama nilivyolipata sakristia, na ya maaskofu wa Ubelgiji pia. Nilirudia mara mbili. Alishika yote, hata akanisahihisha nilipoikosea sehemu ya mwenendo. Akauliza sasa afanye nini. Nikamwambia hilo sitamwambia, si leo wala kesho. Azungumze na mume wake, arudi kwa daktari, apige magoti, kisha aamue, na ajue kwamba kuamua ni kwake.

Halafu akaniuliza mi nilifanya nini, daktari aliponiambia.

"Nilipiga makofi," nikamwambia.

Alinielewa. Watu wote wa kambi wanajua njia ya Tata Kabamba. Akanishika bega, mtoto huyu niliyemfundisha ishara ya msalaba, akaenda zake na mvua.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, king'ora cha kampuni kimelia, zamu imetoka. Nimepika bukari na sombe, majani ya muhogo, nimefunika sahani ya Tata Kabamba kama kila siku, aje asije. Akija leo nitamwambia? Nitamwambia nini? Kwamba ukuta ule kati yetu niliusimamisha kwa jibu lililokatwa? Anaweza kucheka. Anaweza kulia, na sijui nitafanya nini akilia. Anaweza kuniuliza kwa nini nilimwuliza Mupe kabla ya kumwuliza yeye, na hapo sitakuwa na la kusema.

Mi nitafanyaje na tumbo langu na kitanda changu, bado sijui. Bado nina hasira, mtu mwenye hasira hapimi vizuri.

Ila Jumamosi najua. Nitakwenda darasani, maana nikiacha, atawekwa mwingine mwenye makofi. Nitasimama pale pale ninaposimama siku zote, niwaulize swali lile lile, Papa wa Roma anaweza kukosea. Watajibu kwa sauti moja, hapana, hawezi, na mikono yote itainuka.

Nami nitainua wangu kuwazuia. Ngojeni, bamama. Jibu halijaisha.