Faili la Kengele Lililokataa Kufutwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, kazini anaitwa Fundi Seva. Umri: miaka 34. Kazi: mtunza seva, ghala la vyakula vya kugandishwa. Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya ghala hilohilo. Yameanza kuandikwa tarehe 13 mwezi wa sita, saa 6:20 mchana.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Marehemu, mpagazi wa ghala letu, ni mume wa mdogo wangu. Meneja amewaambia watu kwamba alilewa, akalala ndani ya chumba cha baridi, na kwamba kengele hakuipiga. Tangu mazishi mdogo wangu hainui uso mbele za watu.

Ndani ya chumba hicho kuna kitufe, kwa ajili ya mtu atakayefungiwa. Ukikibonyeza, kengele inalia ofisini na seva inaandika saa kwenye faili la kengele. Mnamo tarehe 3, Jumatatu, mhasibu alilalamika kwamba wapagazi wanakibonyeza kwa mzaha. Meneja akaniambia, "Hebu inyamazishe, kichwa kinaniuma." Saa 4 asubuhi nikakata sauti, nikaacha seva iendelee kuandika. Wapagazi sikuwaambia. Nilijua nitairudisha kesho yake.

Siku hiyohiyo nilikuwa nafunga ulinzi mpya kwenye seva. Ulinzi huu haujali cheo wala nenosiri. Kila faili lina lebo, na kila programu ina orodha ya lebo inazoruhusiwa kugusa. Nje ya hapo hata mimi mwenye seva nagonga mwamba. Ipo programu ambayo kila saa 12 asubuhi hufungia kumbukumbu za jana na kufuta za zamani. Niliiruhusu iguse lebo ya folda ya kumbukumbu tu. Kisha nikalihamishia humo faili la kengele, kutoka folda yangu binafsi nilikokuwa nikilijaribu. Hapo nilikosea, nilipaswa kulinakili. Faili likihamishwa huja na lebo yake ya zamani, na hiyo programu ile hairuhusiwi kuigusa.

Jumatano tarehe 5, saa 4 asubuhi, tukinywa chai, shemeji aliniuliza, "Shem, kile kitasa cha chumba cha baridi kinagoma siku hizi. Hiyo kengele yenu inafanya kazi kweli?"

Nikamjibu, "Inafanya, acha uoga wewe."

Akacheka, akanimalizia chai yangu. Saa 10 jioni dereva wa foklifti alimkuta nyuma ya mlango wa chumba hicho, ameshakufa.

Kesho yake meneja aliniagiza kumbukumbu zote zikae siku moja tu, kisha zifutwe. Nilitii bila kuuliza. Nilifurahi kwamba zitafutwa, na hilo liandike, afande.

Jana saa 3 asubuhi niliikuta seva imejaa makatazo. Kila asubuhi programu ya kufuta ililiendea faili la kengele, ikakataliwa. Dawa yake ni amri moja ya kurekebisha lebo, na nilishaiandika. Sijui nini kilinizuia kuituma. Nikafungua faili. Tarehe 5 kitufe kilibonyezwa mara arobaini na tatu, kuanzia saa 7:12 mchana hadi saa 8:05. Mwanzoni ni mfululizo. Zile za mwisho zimeachana dakika nyingi. Hakulala, afande.

Chini yake kuna mistari mingine. Tarehe 6, saa 7:12 mchana, mara moja. Tarehe 7, saa 7:12. Hivyohivyo hadi juzi. Fundi umeme alikata waya wa kitufe asubuhi ya tarehe 6, na kipande alinionyesha. Nimekagua saa ya seva, nimekagua programu, vyote viko sawa. Niliogopa, nikatoka nje nikakaa juani.

Jana jioni nilirudisha sauti ya kengele. Nimeielekeza kwenye simu yangu hii hapa mezani, maana mle ofisini sithubutu kukaa tena.

Ninachoomba, mdogo wangu asomewe ile mistari arobaini na tatu. Na aambiwe nani alikata sauti. Nimesomewa niliyoyasema, yote ni yangu.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo yamechukuliwa nami, koplo wa zamu. Naongeza kwamba saa 7:12 mchana, shahidi akiwa ameshika kalamu, simu yake ililia mlio wa kengele. Hakuigusa. Niliisoma mimi: "Kitufe cha ndani, chumba cha baridi." Chumba hicho tumekifunga tangu jioni ya tarehe 6, na ufunguo upo kwenye droo yangu. Nimeuangalia. Shahidi alisema, "Nimesikia, shemeji," kisha akatia sahihi.