Lango la Mlimani

Mpakani, 3 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku milimani haisemeki.

Ni kweli mpaka umefunguliwa. Malori yamepanga foleni tangu chini bondeni, na wanunuzi wa nchi ya pili wanawagombania dagaa wetu kama zamani kabla ya vita. Askari wa pande zote mbili wanatutazama tu. Hakuna anayethubutu kuwasalimia.

Nikwambie jambo nililokuficha siku uliponisindikiza bandarini. Sikuja kuuza dagaa peke yake. Dereva mmoja amemwona mume wangu Sabri ng'ambo, yu hai. Kesho nnavuka kumfuata.

Mwanao,
Rahila

Mkunazini, Unguja, 4 Agosti

Mwanangu Rahila,

Marahaba. Kifua kimepoa, lakini tangu nisome maneno yako kwenye simu sijaketi. Nilikuona ukikunja shati la Sabri ndani ya begi, nikalibeba hivyo hivyo hadi bandarini.

Sabri naye alituaga kwamba anavuka mara moja kuchukua mzigo. Lango likafungwa nyuma yake, na huu mwaka wa tatu. Usivuke, mwanangu. Mtume dereva akamlete. Marehemu mama yako angekwambia hivi hivi, tena kwa ukali.

Babako

Mkunazini, 19 Agosti

Rahila mwanangu,

Sijui kama u mzima, hata salamu zinanishinda. Redio imesema risasi zimelia huko na mpaka umefungwa tena. Simu yako haiiti.

Nimekwenda kwa Mkadam, mwenye lori lililokuchukua. Dereva wake amerudi peke yake. Anasema alikuita uwahi, lango linafungwa; ukageuka ukamtazama, kisha watu wakakufunika. Kila anayebisha hodi hapa namfungulia kabla hajamaliza. Niambie neno moja tu: uko upande gani?

Babako

Ng'ambo ya mpaka, 11 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Najua hulali. Simu huku zimekatwa. Barua hii nampa daktari anayeondoka kwa njia nyingine.

Niko na Sabri. Risasi za mwaka ule alipovuka zilimpata, mguu mmoja ukakatwa. Aliona haya kutuletea habari. Siku mpaka ulipofungwa tena, tulikuja pamoja hadi karibu na lango. Watu walipoanza kukimbia, yeye na magongo yake hakuweza. Akaniambia, "Kimbia, Rahila. Babako ana wewe tu."

Nilikimbia, baba. Nilimwona dereva wa Mkadam, akaniona. Kisha nikarudi.

Mizinga inazidi kusogea, twalala tumevaa viatu. Nnaogopa mchana na usiku. Lakini wakikuuliza msikitini, usiseme mwanao ameshikwa. Hakunishika mtu.

Mwanao,
Rahila