Mwenyekiti na Barafu ya Mwezini

Mwalimu wangu,

Mwakeye, kwa salamu yetu ya Kiha. Nilitaka kukuandikia habari za amani, lakini Mwenyekiti wa bodi ya shule yetu hapa Bangwe ameniharibia hata hizo.

Unamkumbuka. Siku ya mahafali yetu ya kidato cha nne uliwaeleza wazazi kwamba kwenye ncha za mwezi kuna mashimo ambayo jua halijawahi kufika chini yake. Jua la huko hupita ukingoni tu, halipandi juu, na hakuna hewa ya kubeba joto. Kwa hiyo barafu hukaa humo miaka na miaka, na hata gesi huganda. Yeye akachukua kipaza sauti: "Mwalimu, hapa umeme ukikatika barafu ya samaki wetu wa migebuka inakuwa maji, wewe unatuletea ya mbinguni?"

Wazazi wakacheka. Mama alicheka. Mimi pia, Mwalimu, nilicheka.

Wiki ile ile wakakuondoa Fizikia, wakakupa bustani ya shule. Nilikuja kukuomba radhi, nikashindwa kuanza. Ukaniambia tu kwamba mchicha humwagiliwa asubuhi.

Ijumaa tulikufanyia kumbukumbu shuleni, ambako sasa nafundisha mimi. Mtu yule akaja na suti iliyoshindwa na kitambi chake, akasimama mbele ya picha yako. Siku hizi redio inasema mataifa makubwa yanaitafuta barafu hiyo, basi naye amekuwa mtaalamu. "Marehemu na mimi tuliamini tangu zamani," alisema. "Mimi ndiye niliyemtia moyo."

Hata mate hakumeza.

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo, Mwenyekiti. Tueleze basi, kwa nini haiyeyuki?"

Akakohoa. Akageuza karatasi. "Kwa sababu mwezi hutoka usiku."

Hakuna aliyecheka, hakustahili hata kicheko. Binti mmoja kutoka kijiji cha Mwamgongo, wa kidato cha pili, akasimama akamweleza polepole, kwa adabu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Jitu zima likawa linatikisa kichwa kukubali, eti ndilo linalomsahihisha.

Nasikia anataka nihamishwe. Na anihamishe. Kwa mtu kama yule hata hasira ni heshima kubwa mno.

Lala salama, Mwalimu wangu. Kengele imegongwa, na binti yule yuko mlangoni anataka kujua barafu inakaaje kwenye sayari ya Zebaki, jirani kabisa na jua. Nakuahidi nitamjibu. Na nisichokijua nitamwambia sikijui.

Mwanafunzi wako,
Zaituni