Kasha Lisiloingia Vumbi

4 Februari

Mdogo wangu Bisibisi,

Salamu nyingi. Hujambo? Kazi inakwendaje huko? Sisi hatujambo, isipokuwa wawili: kompyuta na Baba. Nakuandikia kwa anwani ya kazini kwako kwa sababu namba yako haipatikani tangu mwezi jana. Umebadilisha laini, ukasahau kutuambia. Haya.

Nianze na kompyuta, maana najua ndiyo utakayoisoma kwa makini. Imekufa, ya pili hii. Nilipoifungua nilikuta vumbi la mbao limejaa mpaka feni haizunguki, ungedhani nimefungua gunia la unga. Na michoro ya milango na makabati ya wateja yote imo humo. Dukani wananionyesha makasha yenye kioo na taa za rangi, utafikiri karakana ya seremala ni ukumbi wa harusi. Nichague kasha gani lisiloingia vumbi?

Sasa Baba. Kikohozi hakijamwacha tangu mwaka jana. Daktari amesema ni vumbi lile lile, limemkaa kifuani, na asikanyage tena karakana. Nikimwambia, ananijibu, "Miaka arobaini nimelivuta, leo ndiyo liniue?" Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi hanisikii, lakini wewe ukisema neno moja, atalirudia mpaka majirani wachoke. Tafadhali mwandikie mstari mmoja tu: Baba, toka karakana. Nitamsomea mwenyewe, herufi siku hizi hazioni.

Dada yako

9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi mzima, ila kazi imenibana kweli, samahani kwa kuchelewa.

Makasha ya kioo achana nayo, hayo ni ya kujionyesha. Karakana inataka kasha la chuma lililozibwa vizuri, lenye vichujio vya wavu kila hewa inapoingilia. Feni mbili za mbele zivute hewa ndani, ya nyuma iwe moja ya kuitoa. Hewa ikiingia nyingi kuliko inayotoka, itajisukuma nje kwenye kila upenyo, na vumbi halitapata pa kupita. Usizibe matundu kwa karatasi ya gundi, kompyuta itapata joto ife. Wala usiiweke sakafuni. Lakini usihangaike, nimekwisha kukuchagulia, linakuja na mzigo. Lina vichujio vitatu, vinashika kwa sumaku. Siri ni moja: visafishwe kila siku.

Kuhusu Baba, nimefikiria. Mzee akikaa bure atachakaa haraka. Mpe kazi nyepesi ya kuketi. Msomee hii:

"Baba, shikamoo. Nimekuteua mlinzi wa kompyuta. Kila jioni vitoe vichujio, vikung'ute, halafu vipulize kwa mdomo mpaka uone mwanga upande wa pili. Dada ana haraka zake, nakuamini wewe."

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Kasha limefika salama, kompyuta imehamia humo na inawaka. Jana nimelifungua kulikagua, ndani safi kama sahani. Kwa hilo nakupa hongera.

Nilimsomea Baba maneno yako. Tangu siku hiyo kila jioni anaketi kwenye benchi lake la randa, vichujio mapajani. Anakung'uta, anapuliza, anaviinua kwenye mwanga, anakohoa, anapuliza tena. Wateja wote wameshaambiwa: "Mwanangu ameniteua." Nimemnunulia barakoa, akaniuliza atapulizaje akiwa amezibwa mdomo. Nilipotaka kumpokea kazi hiyo, alisema nina wivu.

Bisibisi, hapa soma polepole. Daktari alisema asikanyage karakana. Wewe umempa cheo humo humo. Mvue. Aliyemvika ni wewe, na mwingine hatamsikia. Usiku halali kwa kukohoa. Andika leo, usiseme kesho.

Dada yako

28 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Samahani kwa kimya, nilihamishiwa tawi jingine na barua zikawa zinalundikana kwenye meza yangu ya zamani. Jana nimeletewa yako ya Aprili, nikaipitia haraka haraka.

Nafurahi kasha halikuniaibisha. Nimewasimulia wenzangu, hawaamini kwamba kompyuta inaishi katikati ya misumeno na haina vumbi. Habari ya Baba na cheo chake imenichekesha sana. Mwambie pumzi ikimwishia atumie brashi laini, inatosha kabisa, si lazima apulize. Niambie pia kama feni zina kelele. Namba yangu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.

Msalimie mlinzi wangu.

Mdogo wako

11 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tuliobaki hatujambo.

Baba alifariki tarehe 30 Mei. Tulipiga namba yako ya zamani siku mbili nzima. Kesho yake baada ya mazishi nilikuandikia kwa anwani ile ile, kwa hiyo barua iko kwenye meza yako ya zamani, chini ya nyingine.

Msibani hakuna aliyekulaumu. Walisema fundi ana mtoto mwenye mapenzi, tazama alivyomkumbuka kwa kazi. Ninayekulaumu ni mimi, na mwenyewe sijiachi. Barua yako niliisoma mimi. Herufi hakuziona. Ningeweza kumsomea mstari niliokuomba badala ya ule uliouandika, na asingejua. Niliona vibaya kumdanganya mzazi.

Siku ya mwisho, kitandani, aliniuliza kama vichujio vimekung'utwa. Nikamwambia ndiyo. Uongo huo niliuweza.

Feni hazina kelele, kwa kuwa uliuliza. Michoro yote ipo. Jumamosi nimelifungua kasha, ndani hamna hata chembe. Ulichagua vizuri.

Humu kwenye bahasha nimekuwekea kichujio cha mbele. Hakijaguswa tangu Mei. Safari hii kisafishe wewe. Tumia brashi laini.

Dada yako