Kikao cha Majaribio Yaliyolinda Kosa

Tarehe: Alhamisi, 12 Machi
Mahali: Chumba cha seva, kwa kuwa chumba cha mikutano kilikuwa na wageni.
Waliohudhuria: Mkuu wa Kitengo (Mwenyekiti); Mpimaji wa programu; mwandishi wa msimbo wa programu, ambaye kitengo kizima humwita Mjomba; na Katibu.
Hakuhudhuria: Fundi wa lifti, aliyekuwa kwa mteja. Alituma taarifa kwa simu.

KUMB. NA. 1: TAARIFA YA FUNDI
Katibu alisoma taarifa ya Fundi ya asubuhi hiyo: lifti ya mteja sasa inaruka ghorofa ya juu kabisa. Kabla ya marekebisho yetu ya mwezi uliopita haikuwahi kuruka.

KUMB. NA. 2: CHANZO
Mpimaji alieleza kwamba lifti haikuwa na ugonjwa. Kilichougua ni maonyesho ya dibaga, programu tunayotumia kuuchungulia mfumo ukiwa umesimamishwa. Msimbo wetu wa kuyapanga maonyesho hayo ulikuwa ukiidondosha ghorofa ya mwisho kwenye foleni ya ghorofa zinazosubiri lifti. Wahandisi wetu waliamini foleni imeisahau, wakaandika upya foleni iliyokuwa nzima, na hiyo mpya ndiyo inayoruka ghorofa.

Mwenyekiti aliuliza majaribio ya kila usiku yalikuwa wapi. Mpimaji alijibu kwamba yalikuwepo, na yalifaulu yote. Alikumbusha kwamba dibaga ilipopata toleo jipya, majibu sahihi ya kulinganishia yalipitwa na wakati, naye aliomba wiki mbili ayaandike upya kwa mkono. Aliagizwa aiache mashine iyajaze yenyewe. Mashine ilinakili ilichokiona, pamoja na kosa.

Mwenyekiti alisema aliagiza yajazwe, hakuagiza yajazwe makosa.

Mpimaji alisema: "Bosi, kesi ya nyani tulimpa ngedere ahukumu."

KUMB. NA. 3: MAELEZO YA MJOMBA
Mjomba alieleza kwamba aliliona kosa mwezi Januari, akalirekebisha. Majaribio yalimkatalia kwa rangi nyekundu. Alirudisha kosa, yakafaulu. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu akimwonyesha Mpimaji: "Mpwa wangu huyu alishanionya, majaribio yakiwa mekundu nisipitishe kitu. Nikatii."



KUMB. NA. 4: MAAMUZI
Foleni ya zamani irudishwe leo. Mwenyekiti alieleza kwamba mteja anataka kuambiwa nani amewajibishwa. Alielekeza majaribio yasimamishwe, maonyesho yakaguliwe kwa macho, na Mpimaji ahamishiwe dawati la simu za wateja.

Mpimaji aliuliza ni macho ya nani, kwa kuwa macho ndiyo yaliyodanganywa mara ya kwanza. Mwenyekiti alisema hoja imesikika.

Mjomba aliomba Mpimaji apewe angalau zile wiki mbili. Mpimaji hakuruhusiwa kuunga mkono jambo linalomhusu, na Katibu hana kura. Ombi lilianguka kwa kukosa wa kuliunga mkono.

Kikao kilivunjika saa 5:40 asubuhi.

Sahihi ya Mwenyekiti: ..................
Sahihi ya Katibu: ..................

Hatua inayofuata: Jumatatu, 16 Machi, saa 2:00 asubuhi, Mpimaji atamkabidhi Mjomba majaribio ili ayazime, kisha ataketi kwenye dawati la simu. Mteja wa lifti atapiga simu saa 3:00.