Kobe Aliyekosa Kulala

Mjomba wangu,

Leo ni siku ya thalathini na nane tangu tukuzike, na leo nimekukhalifu. Nimelifungua sanduku la kobe.

Nnakumbuka ulivyosema: "Zuwena, usilifungue mpaka nikwambie mwenyewe." Siku ya tatu yake ukaanguka kwenye ngazi za juu. Mama akalishika neno lako kama wasia. Kila nikilisogelea sanduku ananiita jina langu, basi.

Lakini si wewe uliyenifunza vyengine? Tangu mwaka ule tuliotoka Unguja, tulipofika hapa Maskati hatujui mtu, na yule Mwajemi wa Matrah akakupa kobe kwa kumtengenezea saa yake. Alikwambia huyu si kama kobe wa kwetu, kwao kuna theluji, baridi ikija lazima alale, na akilala vibaya hufa. Ukayashika yote. Wiki tatu kabla hapewi chakula, ila kila siku anatiwa kwenye maji ya vuguvugu anywe, tumbo liwe tupu. Kisha sanduku la udongo mkavu, ndani ya chumba cha kisimani penye ubaridi. Kila Ijumaa mizani. "Akipungua sana mwamshe, usingoje." Miaka yote ulisema hivyo. Mwaka huu peke yake ukapigilia misumari, ukaliweka sanduku nyuma ya jiko, penye joto, ukisema kisimani ni mbali.

Wiki ya pili baada ya maziko akaanza kukwaruza. Kidogo, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Mama aliacha kusuka ukili, akasikiliza, akaendelea. Siku nyingi akawa hivyo. Halafu juzi pakawa kimya, na kimya kile, Mjomba, sikukiweza.

Asubuhi Mama alipokwenda kwa jirani nikachukua patasi. Harufu ilinirudisha nyuma. Ulimtilia majani mabichi, yameoza yote. Udongo umerowa. Naye yuko macho, macho yenyewe yameingia ndani, mdomo umekauka.

Nikakigeuza kifuniko. Misumari mitatu tu ndiyo iliyoingia. Pembeni yake ubao umepondwa kila mahali, nyundo imepiga huku na huku. Wewe, fundi saa wa Darajani, uliyekuwa ukishika skrubu ndogo kuliko chawa! Nikakaa chini palepale: kumbe ndiyo maana hukutaka nilifungue. Ulituambia umeacha saa kwa kuwa watu wa hapa hawana saa. Ulipomimina kahawa nje ya kikombe mimi nilicheka. Nilicheka, Mjomba. Na zile ngazi... tulisema umeteleza.

Nimemtia kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kichwa juu. Akakaa kama jiwe. Adhuhuri ikaadhiniwa, bado. Nilikuwa nshakata tamaa pale shingo ilipotoka, akanywa. Mguu mmoja wa nyuma hausogei. Mwaka huu halali tena, ntamweka penye joto, nimlishe polepole. Kama ataishi sijui.

Mama aliporudi nilimpa kile kifuniko. Alipitisha kiganja juu yake mara mbili.

"Alinambia nisikwambie," akasema. "Alisema tutaanza kumshika mkono kama mtoto."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani iliyopita. Macho yalianza kwa kumwasha."

Basi akaingia ndani, na mimi nikabaki na beseni. Sikumkasirikia. Wewe nimekukasirikia, kidogo, na ndiyo maana nnakuandikia mchana huu huu kabla hasira haijanitoka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Sote watatu tulikuwa tukijifuta uso kwa taulo moja. Asubuhi ya tatu hii nnaamka kope zangu zimegandana, nazifungua kwa maji, na kweupe kunanichoma macho. Nilijiambia ni vumbi.

Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko, Mjomba. Nnakuaga, na nnakuahidi hili: Mama akitoka kuswali alasiri ntamwambia, kwa mdomo wangu, na kesho asubuhi tutakwenda hospitali ya Matrah, mimi na yeye. Nikihitaji kushikwa mkono njiani, ntautoa.

Zuwena wako