Mnunuzi Asiyeuliza Bei

Alhamisi, Themi

Mnunuzi wa leo hata boneti hakutaka nimfungulie. Anataka gari la spoti halafu haulizi injini wala bei. Na mimi nikizidi kukaa nalo linashuka thamani, ningemuuzia yeyote.

Alikaa kwenye usukani akawa anapapasa skrini, maana gari hili hata kiyoyozi ni cha kugusa. Alipofika kwenye ramani akaanza kusoma safari zangu zilizohifadhiwa.

"Krismasi unapanda nalo Marangu, kaka?"

"Liko chini mno kwa barabara ya kwetu. Nitaliacha hapa."

Kwa nini nilimjibu?

Wakati anatoka, mbwa wetu alimbwekea. "Tulia, Popi," akamwambia, na mbwa akatikisa mkia.

Jina hilo sikulitaja. Na alisema leo ndiyo mara yake ya kwanza kufika kwetu.